Oda ya masweta 2,600: kiwanda kidogo cha Moshi kilivyoyumba kwa kupata kazi nyingi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Nimekiandika kwa ruhusa ya mwenye kiwanda, baada ya kukaa naye na madaftari yake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Jina lake, mtaa, majina ya shule na ya mkopeshaji nimeyaondoa. Namba za fedha nimezisogeza kwenye namba nzima iliyo karibu, lakini uwiano wake nimeuacha ulivyokuwa. Mwenye kiwanda tutamwita Mama Aika na fundi wake mkuu tutamwita Bakari.

Ninakiandika kwa sababu viwanda vidogo vingi nilivyoviona vikifungwa Moshi na Arusha havikufungwa kwa kukosa wateja. Vilifungwa miezi michache baada ya kupata mteja mkubwa kuliko wote waliowahi kuwa nao. Watu wakauliza kimetokea nini, maana juzi tu walikuwa wanaongeza mashine.

Kiwanda chenyewe

Mama Aika alianza na mashine mbili za kufuma, zile za kusukuma kwa mkono kulia na kushoto, kwenye chumba cha uani. Ilipoanza elimu bila ada Januari 2016, watoto walioandikishwa shule waliongezeka sana na kila mtoto alitakiwa sare. Moshi ni mji wa sweta: asubuhi za Juni na Julai mtoto wa Kibosho au Marangu haendi shule bila kitu cha kumkinga na baridi. Kazi ikakua. Kufikia Septemba 2023 alikuwa na mashine sita za mkono, ovaloki mbili, mashine moja ya kuunganishia kola, na watu tisa. Mafundi walilipwa kwa kipande.

Mauzo yake ya mwaka yalikuwa masweta kama 4,500 kwa bei ya jumla ya shilingi 13,000, yaani karibu milioni 58. Wanunuzi wake walikuwa wafanyabiashara wadogo wa sare, ishirini na kitu hivi, wenye meza na vibanda Moshi mjini, Rombo, Mwanga na Same. Kila mmoja alichukua masweta 30, 50, pengine 100, na wengi walilipa taslimu. Wachache aliwapa mali kauli, yaani wachukue mzigo kwanza na walipe baadaye, ya wiki moja au mbili. Theluthi moja ya mauzo ya mwaka, masweta kama 1,500, yalitoka kati ya Desemba mwanzoni na Januari katikati, wazazi wanapojiandaa na ufunguzi wa shule.

Uzi aliununua kwa msambazaji wa mjini anayeuleta kutoka Kenya kupitia Holili. Bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili, lakini kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 iko palepale. Mama Aika hajasajiliwa kwenye VAT, kwani mauzo yake hayakaribii shilingi milioni 200 kwa mwaka zinazomlazimu mtu kujisajili tangu Julai 2023. Kwa hiyo VAT iliyomo kwenye bei ya uzi haimrudii. Inabaki kuwa gharama yake, na yeye hakuwahi kuiona hivyo.

Oda ilivyokuja

Mwanzoni mwa Oktoba 2023 alipigiwa simu na ofisi ya shule nne za binafsi zenye mmiliki mmoja. Walitaka masweta 2,600 yenye nembo iliyodariziwa, kwa shilingi 13,500 kila moja, yote yafike kabla ya tarehe 5 Januari. Jumla ni shilingi milioni 35.1. Wangetoa kianzio cha asilimia 20, yaani milioni 7 na ushee, na kinachobaki wangelipa "ndani ya siku 30 baada ya kupokea mzigo".

Ukiwa umeuza sweta hamsini hamsini kwa miaka saba, namba kama hiyo inatoa machozi. Aliniambia kwamba siku ile alikwenda kanisani asubuhi, siku ya katikati ya wiki, kushukuru. Simlaumu hata kidogo.

Uamuzi wa Oktoba na sababu zake

Alipiga hesabu ya uzalishaji kwanza, na aliipiga vizuri. Mashine sita zilimpa masweta 40 kwa siku. Kutoka katikati ya Oktoba hadi tarehe 5 Januari kulikuwa na siku za kazi kama 66, yaani masweta 2,640. Kwa maneno mengine oda ile ingemeza kiwanda kizima, na wale wanunuzi wadogo wa Desemba wasingepata kitu.

Hivyo akaamua kuongeza uwezo. Alipata mashine mbili za mota zilizotumika, milioni 4.5 kila moja, na muuzaji alimhakikishia kwamba mashine moja inafanya kazi ya mafundi watatu. Fedha hakuwa nazo. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa na serikali tangu Aprili mwaka ule ili kupanga upya utoaji wake. Benki ilitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Akaenda kwa taasisi ya mikopo midogo, si kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba ya kuumiza, bali taasisi yenye leseni, akachukua milioni 15 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Rejesho lilikuwa shilingi 1,775,000 kila mwezi. Dhamana ilikuwa kiwanja cha familia, na mume wake alitia sahihi.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikubali siku 30 baada ya kupokea mzigo, alinijibu: "Niliogopa nikisema sana wataenda kwa Mhindi wa Arusha." Hofu hiyo ina msingi. Mwenye kiwanda kidogo anajua mteja mkubwa ana pa kwenda, na yeye mwenyewe hana.

Kulikuwa na karatasi moja ambayo hakuiandika. Tuliiandika pamoja Aprili, na ilituchukua nusu saa. Fedha zilizoingia Oktoba zilikuwa kianzio cha milioni 7 na mkopo wa milioni 15, jumla milioni 22. Zilizotakiwa kutoka kabla ya kukabidhi mzigo ni mashine milioni 9, uzi milioni 11 (sweta moja gramu 320, kilo shilingi 12,500, ukijumlisha unaopotea), ufundi milioni 7.8, nembo milioni 2.3, vifungo, mifuko, pasi na umeme milioni 1.5. Jumla zinavuka milioni 31. Bado marejesho matatu ya Novemba, Desemba na Januari, milioni 5.3. Pengo lilikuwa karibu milioni 15, na lilikuwapo siku ile ile aliyoweka sahihi. Lingezibwa tu na mauzo ya wanunuzi wadogo wa Desemba, ambayo nayo yalitegemea mashine mpya kufanya kazi kama muuzaji alivyosema.

Novemba hadi Januari

Mashine za mota zilifika wiki ya kwanza ya Novemba. Moja ilikuwa na sindano zilizochakaa upande mmoja, ikidondosha vitanzi. Bakari, ambaye hakuna mashine ya mkono asiyoijua, hizi hakuwahi kuzigusa. Zilichukua wiki tatu kutulia.

Halafu umeme. Mwishoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa kwenye mgao, na nafuu ilianza kuonekana baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Mtaani kwao umeme ulikatika mchana, saa za kazi, siku tatu au nne kwa wiki. Mashine za mkono ziliendelea kufuma. Zile mbili za mkopo zilisimama, na ovaloki nazo zikasimama, kwa hiyo hata kilichofumwa kilirundikana bila kuunganishwa. Akakodi jenereta. Mafuta na kodi yake vilikula milioni 1.1 hadi kazi ilipoisha.

Desemba alichukua vibarua watano wa kuunganisha na kupiga pasi usiku. Kutoka watu tisa wakawa kumi na wanne. Hakujua kwamba mwajiri akifikisha wafanyakazi kumi anaingia kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara yote. Alijua Februari, alipokwenda kwa mtu anayemsaidia mambo ya kodi.

Uzi nao ulinunuliwa kwa awamu mbili, kwa sababu fedha hazikutosha kuununua wote mara moja. Awamu ya pili ilitoka kwenye loti nyingine ya rangi. Ndani, chini ya taa, bluu zote mbili zilifanana. Bakari ndiye aliyelitoa sweta juani na kurudi nalo mkononi.

"Mama, hii siyo ile."

"Ni ileile, fundi. Namba ya rangi ni moja."

"Namba ni moja, Mama. Lakini toka nje uangalie."

Walikuwa wameshafuma mikono 400 kwa uzi mpya na miili kwa uzi wa zamani. Walipanga upya kadiri walivyoweza, lakini masweta 180 yaliyopita bila kuonekana yalirudishwa na shule Januari.

Wakati huohuo wanunuzi wadogo walianza kuja. Wiki ya pili ya Desemba alifika mama mmoja wa Rombo aliyenunua hapo tangu mwanzo. Mama Aika alimwambia arudi baada ya Krismasi. Yule mama alisimama mlangoni akatazama marobota ya masweta yamejaa hadi dirishani, akasema, "Dada, kumbe yapo. Ila siyo yetu." Hakurudi. Wapo kumi na mmoja wa namna hiyo. Walipata mzigo kwingine, mwingine umefumwa Kenya, na aliyewauzia aliwakopesha.

Tarehe 5 Januari yalikabidhiwa masweta 1,900. Yaliyobaki 700 yalifika tarehe 26. Kwa wanunuzi wadogo msimu wote aliuza masweta yasiyofika 400, badala ya 1,500.

Malipo

Ofisi ya shule ilihesabu siku 30 kuanzia mzigo wa mwisho, kisha ikasema mzigo haujakamilika mpaka yale 180 yarudi. Yalifumwa upya Februari kwa gharama ya kiwanda, kama milioni 1.5. Malipo yalikuja hivi: milioni 10 katikati ya Machi, milioni 9 katikati ya Mei, na milioni 9 za mwisho Julai, muhula wa pili ulipofunguliwa.

Nataka niwe muungwana kwa shule zile. Sikuona nia mbaya. Shule ya binafsi inaishi kwa ada, na wazazi wengi wanalipa ada kwa awamu. Mhasibu aliyeahidi siku 30 aliahidi fedha ambazo zilikuwa bado kwenye mifuko ya wazazi. Mama Aika hakuuliza shule zinapata fedha lini, na mimi pia sijui kama ningeuliza.

Rejesho la Februari hakulipa. Afisa mikopo alifika nyumbani, kwa adabu, akakaa sebuleni na kutaja kiwanja mbele ya mume. Machi mafundi watatu wa kufuma waliondoka. Mtu anayelipwa kwa kipande, kipande kikikosekana, hana cha kungojea.

Aprili: tulichoamua

Niliitwa Aprili. Jambo la kwanza alilotaka ni wakili, awashtaki shule. Tulilijadili siku mbili. Hati ya oda ilikuwa ukurasa mmoja, haikuwa na tarehe ya mwisho ya malipo inayoeleweka wala adhabu ya kuchelewa, na kesi ingemaliza hata kile kilichobaki. Tukaamua aende mwenyewe kila Jumatatu saa tatu asubuhi, bila hasira, na daftari. Alikwenda Jumatatu kumi na moja. Ninaamini malipo ya Mei yalitokana na hilo.

La pili lilikuwa mkopeshaji. Mimi na Mama Aika tulikwenda kwake kabla rejesho la pili halijakwama, tukiwa na nakala ya oda na ratiba ya malipo. Walikubali kusogeza mwisho hadi Machi 2025 kwa gharama ya ziada ya laki nne. Nimeona mara nyingi wadaiwa wanaozima simu, na wanaoumia zaidi ni hao. Mkopeshaji anayejua kilichotokea ana njia tatu nne za kufanya, asiyejua ana moja tu.

La tatu, mashine moja ya mota, ile yenye sindano mbovu, iliuzwa kwa milioni 3.6. Iliuma, kwa sababu ilikuwa haijafikisha miezi sita. Fedha hiyo yote ilikwenda kwenye uzi, na hapo tukakutana na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwisho wa Januari 2024 shilingi 100 za Kenya zilikuwa sawa na takriban 1,600 za kwetu. Kufikia Aprili, shilingi ya Kenya ilipopanda ghafla, zilikuwa karibu 1,950. Uzi ukapanda bei miezi miwili tu baada ya yeye kumaliza oda. Angenunua uzi wa mwaka mzima Januari, kama angekuwa na fedha, angeokoka hapo peke yake. Lakini fedha zake zilikuwa mabegani mwa wanafunzi wa shule nne.

La nne, tulitafuta cha kuuza kati ya Mei na Agosti, miezi ya baridi. Kiwanda kilikuwa na magunia ya uzi uliobaki, pamoja na ule uliofumuliwa kutoka masweta 180. Bakari alitoa wazo la kofia na sweta za watoto wachanga, zisizo na nembo na zinazotumia uzi kidogo. Binti mmoja wa kiwandani alianza kuziuza mezani jirani na kliniki, taslimu.

Hapa niseme kosa langu. Nilimshauri asitoe tena mali kauli kwa mtu yeyote. Kwenye karatasi ulikuwa ushauri safi. Ndani ya mwezi mmoja wanunuzi wawili waaminifu, ambao kwa miaka hawakuwahi kupitisha wiki mbili, walikaa kimya. Mama Aika ndiye aliyenikatalia: "Hawa hawajawahi kunidhulumu. Aliyenikwamisha ni mkubwa." Alikuwa sahihi. Tuliirudisha mali kauli kwa watu tisa anaowajua, kikomo laki tatu kila mmoja, siku 14.

Kisha akasafiri. Alikwenda Rombo, Mwanga na Same kuwaona wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, na kuomba radhi. Sita walirudi.

Matokeo

Mkopo ulimalizika Machi 2025. Kiwanja kipo. Msimu wa Desemba 2024 aliuza masweta 1,250 kwa wanunuzi wadogo, na akachukua oda moja ya shule, masweta 700, kwa kianzio cha asilimia 60 na asilimia 40 siku ya kukabidhi. Watu wa kudumu ni wanane. Wa kwanza kulipwa mshahara kila mwezi sasa ni yeye mwenyewe, laki tatu na nusu, jambo ambalo halikuwahi kuwapo.

Kati ya mafundi watatu walioondoka hakuna aliyerudi. Mmoja amefungua chumba chake na mashine moja, na ni mshindani mzuri.

Uchambuzi

*Sweta moja lilimpa nini?* Hesabu yake ya Oktoba ilikuwa hii: uzi 4,000, kufuma 2,000, kuunganisha 1,000, nembo 900, vifungo na mfuko 300, pasi na umeme 300. Jumla 8,500. Akiuza 13,500 anabaki na 5,000, mara 2,600 ni milioni 13. Ndiyo faida aliyokwenda kuishukuru.

Yaliyokosekana: uzi unaopotea 250, sindano na matengenezo 350, kodi ya chumba na mlinzi 500, ujira wake na wa karani 900, usafiri 300. Hizo ni 2,300. Ongeza riba ya mkopo, milioni 6.3 ukiigawa kwa masweta 2,600, karibu 2,420. Kilichobaki kwenye sweta ni kama shilingi 280. Kwa oda nzima ni laki saba na kidogo, kabla ya jenereta na kabla ya kufuma upya yale 180. Ukiviingiza hivyo viwili, oda ilileta hasara ya karibu milioni 1.9, mbali na ile laki nne ya kuongeza muda na mbali na wanunuzi waliopotea. Mtu anaweza kusema si haki kuibebesha oda riba yote wakati mashine zilibaki. Ni hoja halali, lakini bila oda ile mkopo usingekuwapo.

Kuna hesabu nyingine iliyonishangaza zaidi, nayo inapatikana hata kwa kutumia namba zake mwenyewe za Oktoba bila kuongeza chochote. Sweta la mnunuzi mdogo halina nembo, kwa hiyo gharama yake ni 7,600 na bei ni 13,000. Linabakiza 5,400. Lile la shule lilibakiza 5,000. Mteja mkubwa alikuwa analipa faida ndogo kuliko yule mama wa Rombo, na ndiye aliyepewa nafasi yake. Ukubwa wa jumla, milioni 35, uliizima hesabu ya kipande.

*Siku za fedha.* Hiki ndicho kiini cha kisa, nami nakiona kwenye karibu kila kiwanda kidogo kilichoyumba. Shilingi iliyonunua uzi wa wanunuzi wadogo ilirudi mfukoni baada ya wiki tatu, ikanunua uzi tena. Kwa mwaka inazunguka zaidi ya mara kumi. Shilingi iliyonunua uzi wa oda katikati ya Oktoba ilirudi kwa mafungu, na fungu la mwisho lilifika Julai, siku kama 270 baadaye. Mama Aika alipima oda kwa idadi ya mashine. Kilichotakiwa kupimwa ni siku ngapi kiwanda kinaweza kuishi fedha ikiwa nje. Kwa akiba aliyokuwa nayo, jibu lilikuwa kama siku 40. Mashine zaidi zisingeongeza hata siku moja, na kwa kuwa zilikuja na rejesho, zilizipunguza.

Riba yenyewe ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Asilimia 3.5 ikitozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo huku deni likipungua kila mwezi, kwa hesabu ya deni linalobaki ni karibu asilimia 5.8 kwa mwezi. Mkopo wa aina hiyo unamfaa mtu anayezungusha mtaji kila wiki tatu. Kwa mtu anayengojea siku 270 ni mzigo usiobebeka.

*Mashine.* Kosa halikuwa kununua mashine za mota. Kosa lilikuwa kuzinunua kwa ajili ya kazi iliyokuwa tayari na tarehe. Mashine mpya inahitaji msimu mmoja wa kujifunza, na msimu huo uwe ule usio na haraka. Ile iliyobaki sasa inafuma sweta za watoto wachanga vizuri kabisa, kwa sababu Bakari alipata miezi ya Mei na Juni kuielewa.

*Kukua kuna ngazi.* Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inamhesabu mwenye wafanyakazi watano hadi 49 kuwa kiwanda kidogo, kapu moja. Ndani ya kapu hilo kuna ngazi ambazo mwenye kiwanda hajulishwi mpaka ajikwae. Mfanyakazi wa kumi analeta tozo ya ujuzi. Mauzo yakivuka milioni 100 kwa mwaka, mfanyabiashara binafsi anatoka kwenye kodi ya makadirio na kutakiwa kuandaa hesabu kamili. Oda ya milioni 35 juu ya mauzo ya 58 ingemfikisha milioni 93, kama angefanikiwa kuuza kila kitu. Angefika mlangoni pa ngazi ya pili akiwa bado hajalipia ya kwanza. Sisemi mtu akwepe ngazi kwa kubaki na watu tisa milele. Gharama ya ngazi iwekwe kwenye bei kabla ya kuipanda.

*Yaliyokiokoa kiwanda.* Mashine sita za mkono, ambazo muuzaji wa zile za mota aliziita za kizamani, ndizo zilizofuma wakati wa mgao. Madaftari yake, yenye jina la kila mnunuzi tangu 2016, ndiyo yaliyotuwezesha kujua nani aombwe radhi na nani apewe mali kauli. Na Bakari hakuondoka. Nilimuuliza kwa nini, akasema Mama Aika alimlipa Februari kwa kuuza pete. Sikuwa nalijua hilo, na yeye Mama Aika hakuwahi kuliandika kwenye daftari.

*Ambalo halijatatuliwa.* Ujuzi wa kurekebisha mashine uko kwa mtu mmoja. Tangu Julai 2025 kijana mmoja anakaa na Bakari Jumamosi, mashine imefunguliwa, wakibadilishana sindano. Analipwa siku hiyo kama siku ya kazi, si kwa kipande, ili asitamani kukimbilia kufuma. Mama Aika ameiingiza gharama hiyo kwenye bei, shilingi 60 kwa kila sweta.